Mpe Naye Nauli

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nakaa Kigonsera, wilaya ya Mbinga. Niliishia kidato cha nne. Tuna shamba la kahawa, na mimi nina kibanda cha vocha na sabuni kando ya barabara. Miaka mitatu iliyopita nilisikia redioni habari za mwanamke wa London aliyesoma kitabu kimoja kutoka kila nchi ya dunia. Nikanunua daftari kubwa, nikanakili majina ya nchi 193 kutoka atlasi ya mwanangu. Hadi leo nimetia alama nchi 17. Nasoma usiku wenzangu wakilala, kamusi pembeni. Kiingereza kikiwa kigumu nakwenda kurasa tatu kwa usiku mmoja.*

*Shangazi, tatizo ni mume wangu. Si mlevi wala hanipigi, lakini vitabu hataki kuviona. Anasema taa ya sola naimaliza mimi peke yangu. Mama mkwe naye anasema mwanamke anayesoma sana ana safari moyoni, na kwamba mambo ya vitabu ni ya watu wa mbali, si ya huku. Malipo ya kahawa yalipotoka nilichukua elfu sitini bila kumwambia, nikaagiza vitabu vitatu Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Alipogundua tukagombana, na mimi kwa hasira nikamwambia, "Wewe hata Peru hujui iko upande gani." Hakunijibu. Kesho yake akalichukua daftari langu akalifungia kwenye sanduku lake la nguo. Nilipomuuliza akasema, "Kila usiku unasafiri, mimi unaniacha hapa." Sasa ni mwezi wa pili. Nimebakiza nchi 176. Niachane na jambo hili, au nilidai daftari langu?*

*Msafiri wa Kigonsera*

Mwanangu, pole kwa miezi miwili ya kulala mapema bila kupenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa, maana mtu anayemfungia mwenzake daftari ananikasirisha. Mara ya pili nikakwama kwenye zile elfu sitini. Mara ya tatu nikayafikia maneno ya mumeo, nikaweka miwani mezani. Mwanamume anayechukia vitabu hasemi hivyo. Hayo ni maneno ya mtu aliyesimama stendi, basi linaondoka na mkewe ndani, na hakuna aliyemwambia kama kiti cha pembeni kilikuwa wazi.

Kwanza tumalize deni. Hela ya kahawa ni ya nyumba nzima. Wewe mwenyewe unaijua kazi yake: palizi, kupulizia dawa, kuchuma katika baridi ya Juni na Julai, kukoboa, kuanika, kugeuza, kubeba hadi chama cha msingi, halafu kungoja malipo. Kila punje imepita mikononi mwenu wote wawili, na mwa watoto siku za likizo. Kuichukua kimyakimya ni kosa, na halipungui kwa sababu ulinunua vitabu badala ya pombe. Weka akiba kidogo kidogo kutoka kibandani hadi elfu sitini zitimie, umpe mkononi, umwambie ni za nini. Siku hiyo usiguse habari za daftari.

Sanduku lenyewe, nadhani, lilifungwa na Peru. Fikiri ulichomwambia. Huyo ni mtu anayejua kuchimba mashimo ya ngolo kwenye mteremko mkali na mvua ikanyesha msimu mzima udongo usishuke. Anajua mti upi wa kahawa umechoka na upi unadanganya. Ukamwambia hajui kitu, kwa sababu ya nchi ambayo wewe mwenyewe uliifahamu juzi. Kwa hilo utamwomba radhi, na utaomba kabla ya kusoma ukurasa mwingine wowote.

Nina kitabu kinachokuhusu. Okot p'Bitek, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, alitunga utenzi mrefu kwa lugha yake, akautoa kwa Kiingereza mwaka 1966, na mwaka 1975 ukatoka kwa Kiswahili cha Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino. Lawino ni mke wa kijijini. Mumewe, Ocol, amesoma hadi Makerere, na tangu asome hamtazami tena. Anamcheka kwa kuwa hajui kusoma saa, anauonea haya upishi wake na ngoma zao, na amepata mwanamke mwingine wa mjini, Clementine. Nyumba imejaa vitabu, na ndani ya vitabu hivyo mume amepotea. Wasomaji wengi humchukua Lawino kuwa adui wa elimu. Mimi sikubaliani nao. Soma polepole utaona kwamba kinachomuuma ni kudharauliwa na mtu aliyekuwa akimpenda kabla hajasoma. Sasa geuza nyumba ile, mwanangu. Kwako Kigonsera, Lawino ni mumeo. Na wewe siku ya Peru ulikuwa Ocol.

Usilie kwa hilo. Ocol hakuandika barua kwa mtu yeyote kuuliza afanye nini.

Nikueleze habari za baba yangu. Alikuwa mvuvi huko chini ziwani, na saini yake ilikuwa dole gumba. Nilipokuwa darasa la saba mwalimu aliniazima Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Mwingereza Rider Haggard iliyotafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929. Jalada lilikuwa limekwisha zamani. Jioni baba alishona nyavu, mimi nikasoma kwa sauti, maana mama alitaka awe na hakika kwamba nasoma na sisinzii. Ni hadithi ya Wazungu watatu wanaovuka jangwa na milima kumtafuta ndugu aliyepotea na hazina ya almasi, wakifuatana na mtumishi wao Mwafrika aitwaye Umbopa. Mimi nilikuwa nimewapenda wale Wazungu, bunduki zao na ujasiri wao. Baba alikaa kimya siku nne. Ya tano akasema bila kuinua kichwa, "Mwenye safari ni huyo Umbopa. Hao wengine wanamsindikiza." Nikacheka. Kurasa nyingi baadaye ikajulikana kwamba Umbopa ndiye mfalme halali wa nchi waliyoiendea, aliyekimbizwa na mama yake akiwa mtoto mdogo. Baba hakuweza kusoma hata neno moja la kitabu kile, na alikielewa kabla yangu. Hadi leo nikifungua riwaya ya nchi yoyote naanza kwa kumtafuta yule ambaye msimuliaji hamtazami.

Ndiyo maana nakuambia: msomee mumeo. Usimwambie asome yeye, wala usimfundishe. Msomee mkiwa mnachambua maharage, au jioni watoto wakiwa bado hawajalala, kwa sauti yako ya kawaida, bila sauti ya darasani. Akikatiza kwa swali, funga kitabu mzungumze, hadithi itasubiri. Akisinzia, acha hapo, kesho mwulize mlifika wapi. Na ile taa ya sola anayoilalamikia itakuwa inawamulika wote.

Jambo hili la kusomeana halina aibu yoyote. Kuna riwaya ya Msumbiji, Terra Sonâmbula, yaani nchi inayotembea usingizini, aliyoitoa Mia Couto mwaka 1992, mwaka uleule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokoma kule. Mzee Tuahir na mvulana Muidinga wanakimbia vita, wanajificha ndani ya basi lililoungua barabarani. Kando ya maiti wanakuta sanduku lenye madaftari ya kijana aitwaye Kindzu. Basi kila jioni mvulana anamsomea mzee, na asubuhi wakichungulia nje wanaona mandhari yamebadilika, kana kwamba lile gari lililokufa limetembea usiku. Watu wawili, madaftari ya mtu mwingine, basi lililoungua. Sijui namna bora zaidi ya kukueleza ninachotaka mfanye.

Kwa kumsomea, lugha nayo itabidi ibadilike. Umeniandikia kwa fahari kwamba unasoma kwa Kiingereza na kamusi, kurasa tatu kwa usiku. Nakupongeza kwa moyo huo, lakini naona umejitwisha mzigo usio wa lazima. Mwalimu Nyerere aliyekijua Kiingereza vizuri aliona si kupoteza muda kumtafsiri Shakespeare mara mbili. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni kazi za mkono wake. Nigeria ipo kwa Kiswahili: Shujaa Okonkwo, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, tafsiri ya Clement Ndulute. Ghana ipo: Wema Hawajazaliwa ya Ayi Kwei Armah, iliyotafsiriwa na Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa miaka mitatu kwa sababu ya alichokiandika. Senegali ipo: Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, mjane anamwandikia rafiki yake mambo ambayo hakuwahi kumwambia mumewe. Hicho usimsomee mumeo kwanza. Kisome peke yako, halafu utaamua. Na kama watoto wanataka kusikiliza wanyama, George Orwell wa Uingereza anasomeka kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere.

Vingi kati ya hivyo ni vya zamani na havipatikani dukani kirahisi. Hapo usiagize Dar kwa hela ya kahawa. Nenda maktaba ya mkoa Songea siku utakayofuata mzigo wa kibanda. Waulize walimu wa sekondari hapo Kigonsera vilivyo kwenye rafu zao, na ukifika Peramiho waulize Wabenediktini, ambao wamechapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi.

Na hapo nimjibu mama mkwe kidogo, kwa heshima zote. Vitabu si wageni Kigonsera. Misheni ilifunguliwa mwaka 1899, na katika seminari ya hapohapo alipita kijana wa Lupaso, Masasi, aliyekwenda baadaye Pugu, kisha Makerere kuchukua shahada ya Kiingereza, kisha akawa mhariri wa magazeti, kisha Rais wa nchi. Benjamin Mkapa alijifunza kusoma kwa bidii mahali anapokaa mama mkwe.

Sasa daftari lenyewe. Pamoja na barua uliniorodheshea zile nchi 17. Kuna Japani, kuna Urusi, kuna Peru, kuna Aisilandi. Malawi haimo. Msumbiji haimo. Tanzania pia haimo, na hiyo ilinishangaza kuliko zote. Umetoka nyumbani kwa dirisha, mwanangu, ukaruka majirani wote.

Ukipanda gari Mbinga ukashuka ile milima hadi Mbamba Bay, ukikaa ufukweni unaitazama Malawi. Upande wa kaskazini wa nchi ile, Karonga, ndiko alikotoka Legson Kayira. Oktoba 1958 aliondoka kijijini kwao kwa miguu akisema anakwenda Marekani kusoma. Alibeba chakula cha siku tano, shoka, blanketi na vitabu viwili: Biblia na kile cha John Bunyan tunachokiita Safari ya Msafiri. Alikatiza Tanganyika yetu yote, akafika Mwanza, akavuka hadi Kampala, na huko ndani ya maktaba akakuta jina la chuo kimoja katika jimbo la Washington, akakiandikia. Akasafiri tena hadi Khartoum. Desemba 1960 aliingia chuoni. Kitabu chake, I Will Try, kilitoka mwaka 1965, na ndani yake utakutana na Watanganyika waliompa chakula na mahali pa kulala. Hao ni wazee wetu, wamo ndani ya kitabu cha nchi nyingine.

Au anza na William Kamkwamba, kwa ajili ya mumeo hasa. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa ada. Akaenda maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe, akakuta kitabu cha Kiingereza kinachoeleza nishati, na kwa kutazama michoro zaidi ya maneno akatengeneza kinu cha upepo kwa baiskeli iliyovunjika, feni ya trekta na nguzo za mikaratusi, taa ikawaka nyumbani kwao. Alisimulia hayo mwaka 2009 katika The Boy Who Harnessed the Wind, kwa Kiingereza chepesi. Wewe tafsiri unaposoma, sentensi moja Kiingereza machoni, moja Kiswahili mdomoni. Mtu anayelalamika kwamba chaji ya sola imeisha atakuwa na maswali mengi usiku huo, na atayajibu mwenyewe.

Tanzania nakuchagulia Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kulipia deni kwa tajiri, anachukuliwa na misafara ya biashara hadi bara. Gurnah alizaliwa Zanzibar, akaiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili. Miaka 28 kwa kitabu cha watu wetu kurudi kwenye lugha yetu. Nilipoisoma nililia, na sehemu ya machozi ilikuwa ya huo muda uliopotea.

Msumbiji nimeiacha mwisho kwa sababu ya mstari mdogo ulioandika pembeni ya barua, kwamba mama mkwe aliletwa Tanzania mgongoni mwa mama yake, wakivuka Mto Ruvuma wakati wa vita vya Mreno. Uliuandika kama maelezo tu ya ukoo. Mwanangu, yule mwanamke wa London unayemfuata, Ann Morgan, aliposoma nchi zake 196 mwaka 2012, alikwama mara kadhaa. Sao Tome haikuwa na kitabu alichoweza kukisoma, hivyo watu waliojitolea walimtafsiria kimoja kutoka Kireno. Sudani Kusini ilikuwa imezaliwa Julai mwaka uliotangulia, kitabu hakuna. Akamwomba mwanamke wa huko, Julia Duany, naye akaandika kisa kipya kwa ajili yake. Ikahesabiwa. Kwa hiyo Mia Couto abaki, ila kurasa za Msumbiji katika daftari lako ziandikwe kwa maneno ya mama mkwe. Mwombe akusimulie ule mto. Andika anavyosema, kwa mpangilio wake, bila kumsahihisha. Mumeo akiwepo, huenda akasikia mambo ambayo hajawahi kuyauliza.

Umeniuliza kama uache. Usiache. Nimepiga hesabu: kwa mwendo wako, nchi 176 ni miaka 31. Utamaliza ukiwa na miaka 67. Kwangu hiyo ni habari njema sana. Morgan alifanya kwa mwaka mmoja akiwa na maduka ya vitabu ya London mlangoni. Wewe una shamba, kibanda, watoto, na taa moja. Na mkichukua miaka 40, mkazungumzia kila nchi hadi mchoke, sitakulaumu.

Umeniuliza pia kama ulidai daftari. Usilidai. Soma bila daftari kwa sasa.

Wimbo wa Lawino ninazo nakala mbili. Moja nimeifunga, kesho naikabidhi kwa basi la asubuhi. Kurasa mbili za katikati zimelegea, zishike vizuri. Alama za kalamu ya risasi ni zangu, msizifute. Nyuma ya bahasha yako kuna sanduku la posta lenye jina la mumeo, kwa hiyo mpokeaji nimemwandika yeye, pamoja na namba uliyonipa ya nyumbani. Ndani sikutia neno lolote kuhusu barua yako. Watu wa basi watampigia simu aende stendi kuchukua mzigo wake. Ukimwona anarudi na kifurushi kwapani, usimuulize ni cha nani.